Ncha ya Pili ya Fimbo

Kabla ya fimbo kupakwa rangi nyeupe, fimbo ya asiyeona ilikuwa na watu wawili. Ncha ya nyuma aliishika mwenyewe, mara nyingi mtu mzima. Ncha ya mbele aliishika mtoto. Mtoto akikata kona, na mzee akakata. Mtoto akisimama ghafla, mzee alijua mbele kuna shimo, ng'ombe au mtu wa kusalimiwa. Kwa mahali pasipo na magari chombo hiki kilitosha kabisa, maana kilikuwa na macho na akili, na kilijua kuuliza njia.

Historia za vyombo vya wasioona huandikwa kwa kufuata ncha ya nyuma: nani alibuni nini, katika mji gani wa Ulaya au Marekani. Kwa upande wetu naona tunajifunza zaidi tukifuata ncha ya mbele. Mtoto yule alikuwa mjukuu, mpwa au binti wa mwisho, na siku aliyokabidhiwa fimbo ndiyo siku masomo yake, kama yalikuwepo, yalipokwisha. Karibu kila hatua iliyopigwa Afrika Mashariki katika jambo hili, iwe ya wamisionari, ya serikali au ya wasioona wenyewe, imezunguka swali moja: mtoto akiondoka, mzee atatembeaje?

Waliohitaji kushikwa fimbo walikuwa wengi, na si kwa bahati mbaya tu. Ugogoni, kwenye ukame wa Kongwa na Chamwino, trakoma ilipita nyumba hadi nyumba kwa nzi, vidole na kanga iliyofutia nyuso za watoto watano. Mtoto aliambukizwa tena na tena, kope zikaanza kupinda kuelekea ndani, na ukubwani, wanawake hasa, zikamkwaruza mboni hadi nuru ikazimika. Milima ya Mahenge ilikuwa na usubi, kijinzi cheusi kinachozaliana kwenye mito iendayo kasi na kueneza minyoo inayoharibu ngozi na macho. Na kila mahali surua ilipokutana na upungufu wa vitamini A, watoto walipoteza macho ndani ya siku chache. Mtoto wa namna hiyo hakuongozwa kwenda popote. Aliketishwa nyumbani.

Hatua ya kwanza ilikuwa kumtoa mtoto huyo nyumbani. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika, Kenya. Mwaka huohuo Mwingereza kijana, John Wilson, alianza kuzunguka makoloni ya Afrika na Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya upofu. Wilson mwenyewe hakuwa anaona: akiwa na miaka 12, mlipuko katika somo la kemia huko Scarborough ulimharibu macho. Ripoti yake ndiyo iliyozaa, Januari 1950, chama kilichokuja kuitwa Royal Commonwealth Society for the Blind, ambacho leo kinajulikana kwa jina la Sightsavers. Mwaka 1950 pia, Kanisa la Anglikana la Dayosisi ya Central Tanganyika lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, karibu na Dodoma, katikati kabisa ya nchi ya trakoma. Baadaye zikaja Furaha ya Wakatoliki pale Tabora mwaka 1962, na Irente ya Walutheri kule Lushoto mwaka 1963.

Uganda alikuja mtu wa aina nyingine. Sir Clutha Mackenzie, mtoto wa waziri mkuu wa New Zealand, alipofuka kwa kombora huko Gallipoli mwaka 1915, akawa mbunge kwao, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhangaikia maandishi ya nukta nundu duniani. Miaka ya 1950 aliiongoza Uganda Foundation for the Blind, na kule Salama wanaume wasioona wakafundishwa kulima, kufuga na kutembea wenyewe kati ya shamba na nyumba. Wazo lake lilikuwa la mkulima: mtu ambaye hawezi kufika shambani kwake bila kushikwa mkono hana shamba.

Shule hizi zilifanya makubwa. Zilitoa walimu, wachungaji, wapiga chapa na wanasheria. Katika kutembea, hata hivyo, zilikuwa na kasoro moja. Mwanafunzi alijifunza eneo la shule kwa kulikariri: hatua kadhaa kutoka bweni hadi bwalo, ukuta huu mkononi, mti ule wenye mizizi. Ndani ya uzio alikimbia. Likizo ilipofika alipokelewa stendi na mdogo wake, akashikishwa ncha ya fimbo, akarudi kuwa mtu wa kuongozwa. Uhuru wake uliishia getini, kwa kuwa alichokuwa nacho ni ramani ya mahali pamoja, bila mbinu ya kutengenezea ramani ya mahali pengine.

Mbinu hiyo ilikuwa tayari imezaliwa, tena kwa sababu ya vita, ingawa rangi nyeupe ndiyo iliyotangulia. Huko Uingereza mpiga picha wa Bristol, James Biggs, alipofuka kwa ajali mwaka 1921. Nyumba yake ilizungukwa na magari, naye akaipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Paris, Guilly d'Herbemont aliona mara nyingi mno wasioona wakinusurika kugongwa. Aliyatazama marungu meupe ya trafiki wa jiji, akaliandikia gazeti, na tarehe 7 Februari 1931 fimbo nyeupe za kwanza zikakabidhiwa kwa heshima. Alizinunua nyingine maelfu kwa fedha zake. Marekani, George Bonham wa klabu ya Lions ya Peoria, Illinois, alimwona mtu akihangaika kuvuka barabara kwa fimbo nyeusi isiyoonekana kwenye lami nyeusi, na mwaka 1930 mji huo ukapitisha amri ya kumpa kipaumbele mwenye fimbo nyeupe.

Fimbo hizi zote tatu zilikuwa fupi, za kushikwa mbele ya kifua kama bendera. Kazi yake ilikuwa kumwambia dereva. Mwenye nayo haikumwambia kitu. Kwa mtu wa Kongwa mwaka 1935, ambaye hatari yake ilikuwa korongo na miiba, rangi nyeupe ilikuwa na faida ileile ya taa ya gari kwenye mtumbwi.

Aliyeigeuza kuwa chombo cha kusoma ardhi ni Richard Hoover. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alifundisha watoto wasioona huko Maryland. Mwaka 1944 akiwa sajini katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, alikuta vijana waliorudi vitani bila macho, wenye afya, wenye hasira, wanaojigonga kwenye milango. Hoover alijifunga kitambaa machoni akatembea korido za hospitali kwa siku nyingi, akajaribu fimbo za urefu tofauti. Alichokigundua kinaonekana kidogo, lakini ndicho kilichobadilisha kila kitu.

Fimbo iwe ndefu, ifike karibu na kifua, na iwe nyepesi. Mkono ukae katikati ya mwili, mbele ya kiuno. Fimbo iyumbe kushoto na kulia, upana kuzidi mabega kidogo, na ncha iguse chini kila upande. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, ncha iguse kushoto, na mguu wa kushoto ukienda, iguse kulia. Siri yote iko hapo. Pale mguu utakapokanyaga hatua ifuatayo, fimbo imeshapita. Mtembeaji haulizi tena "hapa nilipo pakoje?", anauliza "hapo nitakapokuwa pakoje?", na ana muda wa hatua moja kujibu. Ncha ikizama kuna ngazi au mtaro. Ikigonga kwa mlio mkavu ni saruji, kwa mlio mzito ni udongo, na ikikwama kwenye mchanga mkono unajua kabla ya kiatu. Mlio ule pia hurudi kutoka ukutani, na sikio lililozoea hutofautisha ukuta na uwazi, uchochoro na mlango uliofunguliwa.

Baada ya vita, hospitali ya Hines karibu na Chicago ikaifanya mbinu hiyo kuwa somo kamili lenye walimu wake mwaka 1948. Hapo ndipo ilipo tofauti inayosahaulika hadi leo. Hoover hakuacha fimbo peke yake. Aliacha fimbo na mwalimu, na mafunzo yanachukua wiki na miezi: chumbani kwanza, kisha uani, kisha barabara tulivu, kisha barabara yenye magari, mwalimu akirudi nyuma hatua moja kila siku hadi asisikike tena.

(Mbwa wa kuongoza nao walitoka vitani, shule yao ya kwanza ikiwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916. Kwetu hawakushika mizizi na sidhani watashika. Mbwa wa Dar es Salaam ameajiriwa ulinzi wa usiku, mate yake ni najisi kwa sehemu kubwa ya majirani, na konda anayelalamikia kuku kwenye daladala hatamruhusu kupanda.)

Mwaka 1964 una mambo mawili yaliyotokea mbalimbali bila kujuana. Bunge la Marekani liliidhinisha tarehe 15 Oktoba iwe Siku ya Fimbo Nyeupe, ambayo sasa inaadhimishwa na dunia nzima. Na Tanzania, katika mwaka uleule wa Muungano, wasioona walianzisha chama chao wenyewe, Chama cha Wasioona Tanzania. Mpaka hapo mambo yao yalisemwa na makanisa na wafadhili. Kuanzia hapo waliketi mezani. Miaka miwili baadaye, 1966, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ilianza kuwapokea wasioona pamoja na wanaoona. Jina la shule liliwafaa. Mtoto asiyeona sasa alikuwa katikati ya jiji, si ndani ya uzio wa misheni, na njia ya kwenda shule ilikuwa na magari.

Halafu kuna habari ya 1969 ambayo ingestahili kuwemo katika kila kitabu cha shule. Kundi la vijana wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895. Mpango ulikuwa wa chama cha Wilson, na maandalizi yalifanyika Loitokitok, upande wa Kenya, penye shule ya mafunzo ya milimani. Aliyewafundisha, Geoffrey Salisbury, aliandika baadaye kitabu kizima juu ya safari hiyo. Mlima hauna ukuta wa kukariri. Kuna mawe yanayoporomoka, kokoto zinazorudisha mguu nyuma nusu ya hatua, baridi inayotia ganzi vidole vile vile vinavyosomea fimbo. Waliofika juu hawakubadilisha sheria yoyote. Walichofanya ni kuwanyima hoja wale waliosema kwamba asiyeona hawezi kwenda sokoni peke yake.

Mtoto wa ncha ya mbele aliachiliwa na jambo ambalo halikukusudiwa kwa ajili yake. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Mpango ukaanza 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikawalazimisha wazazi kuwapeleka watoto shule. Watendaji walipita nyumba kwa nyumba. Mjukuu aliyekuwa amemshika babu mkono akaandikishwa darasa la kwanza, na babu akabaki na fimbo ambayo ncha yake moja imelala chini.

Hapo ndipo fimbo nyeupe na walimu wake walitakiwa kuingia kwa wingi. Hawakuingia. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, maduka matupu: serikali iliyoshindwa kupata sabuni isingepata alumini ya fimbo. Na fikra nazo zilikuwa bado za kulea. Mwaka 1982, baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilihusu ajira na ilitenga asilimia 2 ya nafasi katika makampuni makubwa. Ya pili ilihusu matunzo, na iliweka mzigo wa matunzo hayo kwa familia na ndugu pamoja na serikali. Ilikuwa sheria yenye huruma. Lakini ukiisoma kwa jicho la mtembeaji, unaona mtu anayetunzwa. Anayetembea hayumo. Na mwenye kutunza nyumbani, shule ikifungwa saa saba mchana, alikuwa nani? Mtoto yuleyule, sasa kwa zamu ya jioni.

Msaada wa maana ulikuja taratibu kutoka hospitalini na mitaani. Shirika la CCBRT, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1994, lilijenga kazi ya utengamao katika jamii pamoja na huduma za macho. Mtaalamu hakungoja mgonjwa aje hospitalini Msasani. Alimfuata kwake. Wanaoijua kazi hiyo wanaeleza kwamba somo la kwanza halimhusu asiyeona hata kidogo. Linawahusu ndugu, ambao hufundishwa kuacha kuhamisha vitu: ndoo isikae njiani, mlango uwe wazi wote au ufungwe wote, kiti kirudi pale pale. Kisha inakuja njia ya kwenda msalani, kisha kisimani au bombani, kisha dukani. Kutoka nyumbani hadi duka la jirani inaweza kuchukua wiki. Ukimwona mtu anatoka mlangoni ananunua mkate wake na chenji anaihesabu mwenyewe, usidharau.

Kibamba imeingia katika historia hii kwa kuchelewa, kama mitaa mingi ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Watu walihamia huko kwa sababu viwanja vilikuwa rahisi kuliko mjini, ilipokuwa bado chini ya Kinondoni kabla ya Manispaa ya Ubungo kuundwa. Ni nchi ya vilima, njia za mchanga, makorongo yanayopanuka kila masika, na Barabara ya Morogoro inayopita katikati. Asiyeona aliyehamia huko na wanawe alikuta tabu za kijijini na za mjini kwa pamoja: chini korongo, juu bodaboda.

Kati ya watu wazima waliopofukia huko ukubwani na wale waliokulia shule za Buigiri au Irente, wa pili walijimudu mapema zaidi, kwa kuwa walikuwa na desturi ya kukariri mahali. Kando ya barabara kuu mahali pa kukariri palikuwa pengi: ukuta wa nyumba ya fulani, fremu ya fundi cherehani inayosikika tangu mbali, genge la mihogo, mwembe unaopooza hewa ghafla, spika ya kinyozi. Hizo ndizo zilizokuwa alama za njia. Konda naye ni chombo. Anapoita "Kibamba, Kiluvya, Kibaha" anafanya kazi ambayo miji mikubwa ya nje imeilipia mitambo ya kutangaza vituo.

Mwaka 2017 nyumba na maduka yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa. Magazeti yaliandika, kwa haki, juu ya waliopoteza nyumba. Kuna hasara nyingine ambayo haikuwa na pa kuandikwa: ramani iliyokuwa kichwani mwa asiyeona ilifutwa ndani ya wiki. Ukuta wa kulia hakuna. Fundi amehama. Mwembe umekatwa. Palipokuwa na sauti za kuongoza pakawa uwazi mpana wenye upepo na vumbi, na uwazi ndio jangwa la mwenye fimbo, kwa kuwa fimbo hairudishi mlio wa kitu kisichokuwepo. Kisha, kuanzia 2018, barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ikaanza kupanuliwa kuwa ya njia nane.

Barabara yenyewe ilihitajika, na nadhani aliyekaa kwenye foleni ya Kimara saa moja asubuhi hatabisha. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yameanza kutoka Kimara tangu Mei 2016, na mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilifunguliwa Mbezi Luis, kilomita chache kutoka Kibamba. Lakini jaribu kufikiri kuvuka njia nane kwa masikio. Mbinu ya kuvuka aliyofundishwa mtu ni kusikiliza magari yanayokuja, kungoja kimya, kisha kwenda moja kwa moja bila kupinda. Kwenye njia mbili kimya kinapatikana. Kwenye njia nane lori la Zambia linafunika sauti ya pikipiki iliyo nyuma yake, na kutembea umbali ule bila kupinda ni kazi hata kwa mwenye macho akiyafumba. Daraja la waenda kwa miguu lingesaidia, kama unajua ngazi zake zinaanzia wapi. Mjapani Seiichi Miyake alishalitatua hilo: mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona ya Okayama, aliweka vigae vyenye vinundu ambavyo mguu unavisoma. Leo vimo katika miji duniani kote. Masharti yake ni mawili tu, viwekwe na mtu aliyeuliza wasioona, na bodaboda zisiegeshwe juu yake. Kigae kinachoelekea kwenye nguzo ya umeme ni kibaya kuliko kukosekana.

Wakati huohuo mkono ule ulioshika fimbo ulikuwa unapata kitu kingine: simu.

Wazo la fimbo inayohisi ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1960 Leslie Kay, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, alitengeneza tochi ya mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa binadamu, kwa mfano wa popo. Mawimbi yanatoka, yanagonga kitu, yanarudi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa ukuta ulio mita tatu mbele hurudi baada ya sehemu 18 hivi za elfu ya sekunde, na mashine inajua umbali. Mwaka 2014 Wahindi wa IIT Delhi walitoa SmartCane, kifaa cha kufunga kwenye mpini wa fimbo nyeupe ya kawaida, kinachotetemesha mkono kitu kikiwa ndani ya mita tatu. Kihisi cha namna hiyo sasa kinauzwa kwa bei ya vocha chache, na ndiyo sababu wanafunzi wa sayansi Afrika Mashariki nzima, katika maonyesho ya kila mwaka, huonyesha fimbo inayolia.

Nawapongeza, na nina neno nao. Vihisi hivi hutazama mbele na juu. Vimetengenezwa kwa ajili ya tawi, kioo cha pembeni cha lori, kingo ya bati la kibanda linalokaa usawa wa paji la uso. Vitu hivyo fimbo ya Hoover huvikosa na hapo faida ni kubwa. Ila hatari kuu ya mtembeaji wa Dar es Salaam iko chini: mtaro usio na mfuniko, shimo la bomba lililofukuliwa jana, ukingo wa korongo. Mawimbi hayasemi kitu kuhusu kitu kisichokuwepo. Ncha ya alumini inasema. Mwenye fimbo inayolia ambaye hakufundishwa kuyumbisha fimbo ataonywa juu ya bati kisha atatumbukia mtaroni.

Simu imefanya zaidi, na bila makelele. Google ilitoa TalkBack mwaka 2009, programu inayosoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo cha simu. Programu huria ya eSpeak nayo ilikuwa tayari inasoma Kiswahili, kwa sauti ya roboti mwenye mafua lakini inayoeleweka. Mtu aliyekuwa akimwomba jirani amsomee salio la M-Pesa, na kwa hiyo amjulishe pia salio lake, akaacha kuomba. Kwa kutembea, simu ilihitaji kitu kimoja zaidi: ramani inayojua vichochoro. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Ardhi kwenda kuchora kata zinazofurika, Tandale na nyinginezo, nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro, kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Lengo lilikuwa mafuriko. Lakini programu kadhaa za kuwaongoza wasioona husoma ramani hiyohiyo, na mtaro uliochorwa kwa ajili ya maji ni mtaro ambao simu inaweza kumtajia mtu. Mwaka 2022 likaja zoezi la anwani za makazi: kila barabara jina, kila nyumba namba, na programu ya NaPA ya kuzitafutia. Nguzo za majina ya mitaa zilisimikwa hadi huko pembezoni. Asiyeona hasomi kibao, na nguzo yenyewe ni kitu kingine cha kujigonga, lakini jina lililo ndani ya simu linasomeka. Hitilafu ya simu ni ya mita chache, nazo ni zilezile zinazotenganisha ukingo na mtaro. Simu inakufikisha mtaani. Mlangoni unafikishwa na fimbo.

Kwa hiyo vyombo havikuja kufutana. Kila kimoja kimeshika umbali wake: simu mtaa mzima, kihisi mita tatu, fimbo hatua moja. Sheria nayo imebadilika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 20 inazungumzia haki ya mtu kwenda atakako kwa uhuru uwezekanao, na sheria ya 2010 ikafuta zile mbili za 1982. Shirika la Afya Duniani liliiweka fimbo nyeupe katika orodha yake ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016. Ripoti yake na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu kwa kila 100 wanaohitaji vifaa hivyo wanaovipata. Sensa yetu ya 2012 ilihesabu watu wapatao 848,000 wenye shida ya kuona. Wengi wao wanahitaji miwani au upasuaji wa mtoto wa jicho, si fimbo, lakini hata wakitolewa wote hao bado wanabaki wengi mno kwa fimbo zinazogawiwa na wageni rasmi tarehe 15 Oktoba.

Na fimbo ya sherehe ina tabu yake. Inatolewa jukwaani, inapigwa picha, inakwenda nyumbani ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Wiki ikiisha imewekwa nyuma ya mlango, na binti wa darasa la tano amerudia kazi yake. Fimbo haina kosa. Hakuna aliyekuja Jumatatu yake kumfundisha mama wa binti huyo hatua ya kwanza.

Wenye kupanga bajeti za manispaa, Ubungo, Temeke na Kinondoni, hawahitaji kungoja chombo kipya kutoka Delhi. Waajiri walimu wa kutembea, hata wawili kwa kila manispaa, wa kupita nyumba kwa nyumba mwaka mzima. Wafunike mitaro ya barabara za mitaa kabla ya masika. Na mkandarasi yeyote anayejenga kivuko kwenye Barabara ya Morogoro akitembeze kwanza na mwanachama wa Chama cha Wasioona mwenye fimbo yake mkononi, kabla ya saruji haijakauka.